Kulichunguza Bunge kwa Hansard: mwongozo kwa mtafiti anayeanza

Anayetaka kuwa mwanasayansi wa siasa wa Bunge hana budi kuizoea Taarifa Rasmi ya majadiliano, yaani Hansard, kama karani anavyolizoea daftari lake. Nadharia utaipata darasani. Hansard hupati mtu wa kukusomea. Maelezo haya yanamlenga mhitimu wa shahada ya kwanza, au anayeandika tasnifu ya umahiri, mwenye nia ya kulitafiti Bunge la Tanzania. Kazi ya kwanza iwe ndogo: maswali ya Mkutano mmoja, jedwali moja, ripoti ya kurasa kama ishirini.

Katiba na Kanuni kabla ya kuhesabu chochote

Soma Katiba ya 1977, ibara ya 51 hadi 55, ya 62 hadi 66, kisha ya 89 hadi 100. Hapo utaona kwa nini mfumo wetu hauingii moja kwa moja kwenye makundi ya vitabuni, yaani mfumo wa urais na mfumo wa kibunge. Rais huchaguliwa na wananchi, lakini mawaziri lazima wawe wabunge, Waziri Mkuu huthibitishwa na Bunge, na ibara ya 53A inaruhusu kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Kenya iliachana na mawaziri wabunge kwa Katiba ya 2010. Kwa hiyo anayelinganisha maswali ya Dodoma na ya Nairobi analinganisha waziri anayekaa ukumbini kila siku na waziri asiye mbunge kabisa. Tofauti hiyo iandikwe mapema, kwenye sura ya mbinu.

Kisha chukua Kanuni za Kudumu za Bunge, na hapa wengi hukosea: wanapakua toleo jipya na kulitumia kuelezea matukio ya zamani. Kanuni hubadilika. Data ya 2017 inasomwa na toleo la 2016, si la 2020. Muda wa kuchangia, utaratibu wa maswali na muundo wa kamati vyote hutegemea toleo lililokuwa likitumika siku ile.

Tofautisha pia Mkutano na Kikao. Mkutano ni kipindi kizima cha wiki kadhaa; Kikao ni siku moja ya kukaa. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kuishia Juni, na kwa mgeni ni mzigo mzito mno. Anza na Mkutano mfupi wa wiki mbili hivi.

Kutengeneza jedwali

Hansard hupatikana kwenye tovuti ya Bunge kama faili za PDF, moja kwa kila Kikao, na faili moja yaweza kupita kurasa mia. Ukipakua tu, badilisha jina la faili papo hapo kwa mpangilio mmoja, mfano B12_M03_K04: Bunge la 12, Mkutano wa 3, Kikao cha 4. Faili zikifika hamsini bila mpangilio, utarudia kazi.

Faili za zamani mara nyingi ni picha za karatasi, hivyo zinahitaji programu ya kutambua maandishi. Ikimaliza, chukua kurasa tano bila kuchagua na uzisome ukilinganisha na picha. Majina ya watu na tarakimu ndivyo vinavyoharibika zaidi.

Kila swali la msingi lipewe mstari wake. Safuwima za kuanzia ni hizi: tarehe, namba ya swali, namba ya utambulisho ya mbunge, aina ya ubunge (jimbo, viti maalum, kuteuliwa na Rais, kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar), chama, wizara, nani alijibu, mada, swali ni la jimbo au la kitaifa, na idadi ya maswali ya nyongeza. Muundo wa Hansard unakusaidia: swali hufunguliwa kwa "aliuliza:-" na jibu kwa "alijibu:-". Tafuta maneno hayo mawili, utapata mipaka ya karibu kila swali.

Mambo yafuatayo huharibu jedwali kimyakimya.

"K.n.y." maana yake kwa niaba ya. Mbunge aliyesimama kuuliza si mwenye swali. Swali liandikwe kwa mwenye nalo, na aliyesimama awe na safuwima yake. Ukipuuza hili, wabunge wenye mahudhurio mazuri wataonekana wadadisi kuliko walivyo.

Majina hayatulii. Mtu yuleyule leo ni "Mhe." na kesho ni "Mhe. Dkt.", jina la kati linaingia na kutoka, tahajia inabadilika. Ndiyo maana kila mbunge apewe namba tangu siku ya kwanza.

Mawaziri na manaibu wao ni wabunge pia, lakini hawaiulizi Serikali waliyomo. Waondoe kwenye idadi ya wanaotarajiwa kuuliza, tena kwa tarehe: aliyeteuliwa katikati ya mwaka alikuwa mbunge wa kawaida hadi siku hiyo. Hali kadhalika aliyeingia kwa uchaguzi mdogo. Kwa sababu hiyo pima maswali kwa kila Kikao ambacho mbunge alistahili kuuliza, usiridhike na jumla tupu.

Michango kwa maandishi huchapishwa ndani ya Hansard ingawa haikusemwa ukumbini. Ukija kuhesabu hotuba, itenge. Hotuba yenyewe nayo ina mipaka: "Hapa kengele ililia" humaanisha muda umekwisha, hivyo ufupi wa mchango si dalili ya uvivu wa mbunge.

Kuainisha mada

Andika kitabu cha misimbo chenye mada kumi au kumi na mbili, kila moja na maelezo ya mistari miwili na mfano mmoja. Zaidi ya hapo zitaingiliana. Maji, barabara, afya, elimu, ardhi na umeme hazikosekani. Amua mapema swali la zahanati isiyo na umeme linaingia wapi, maana maswali ya namna hiyo ni mengi.

Watu wawili waainishe maswali hamsini yaleyale bila kuonyeshana. Pima makubaliano yao kwa alfa ya Krippendorff, kipimo ambacho 1 ni makubaliano kamili. Ikifika 0.80, endelea; kati ya 0.67 na 0.80 toa hitimisho kwa tahadhari. Chini ya hapo kitabu cha misimbo kina kasoro, kirekebishwe kisha mrudie kwa maswali mengine hamsini. Usimlaumu msaidizi wako kabla ya kukisoma kitabu upya.

Programu za kupima hisia za maandishi zinapotosha vibaya hapa. Mbunge anaweza kuishambulia wizara dakika zote alizopewa na kumaliza kwa "naunga mkono hoja". Programu itamhesabu mwungaji mkono. Soma kinachofuata "lakini", "hata hivyo" na "naomba Serikali ieleze".

Nguvu ya Bunge isiyoonekana kwenye kura

Hili ndilo linalowashinda waliosomea mifano ya Ulaya. Maamuzi mengi hufanyika kwa sauti, na Hansard huandika tu kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Majina hayapo. Bajeti ya Serikali ndiyo huamuliwa kwa kuita majina, na hapo nidhamu ya chama ni kali, kwa sababu Bunge likiikataa Rais anaweza kulivunja. Anayetafuta uasi wa wabunge kwenye kura atahitimisha kwamba Bunge halina kitu.

Angalia matukio. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008 baada ya ripoti ya Kamati Teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Kura ya 53A haikupigwa. Aprili 2012 Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alikusanya sahihi za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, hoja inayohitaji sahihi za asilimia 20 ya wabunge wote. Hoja haikupigiwa kura, lakini Mei baraza la mawaziri likabadilishwa.

Basi fuatilia kamati, na fuatilia shilingi. Mbunge asiyeridhika hushika shilingi kwenye mshahara wa waziri, yaani hutoa hoja ya kuupunguza kwa shilingi moja, mjadala unafunguka, na kwa kawaida anairudisha akishapewa ahadi. Andika mambo manne: nani alishika, kwa hoja gani, nani aliungana naye, na ahadi ilikuwa ipi. Mwaka unaofuata itafute ahadi hiyo kwenye hotuba ya bajeti ya wizara ileile. Ni utafiti mzuri, na haugharimu zaidi ya muda wako.

Tahadhari moja ya ulinganishi: baada ya uchaguzi wa 2020 Bunge halikuwa na kambi rasmi ya upinzani. Hotuba za mawaziri vivuli, yaani wasemaji wa upinzani kwa kila wizara, zinatoweka kwenye data kwa sababu hiyo.

Kwenda Dodoma

Tanguliza barua ya chuo kwa Katibu wa Bunge, ikiambatana na kibali cha utafiti. Zanzibar ina kibali chake, na Kenya hutoa leseni kupitia NACOSTI, tume yake ya taifa ya sayansi. Wakati mzuri wa mahojiano ni pale kamati zinapokutana kabla ya Mkutano kuanza. Wiki za bajeti mbunge atakupa dakika kumi, simu mkononi. Waombe pia makatibu wa kamati. Wabunge hubadilika, wao hubaki, na wanajua taarifa ilipita mikono mingapi kabla ya kusomwa. Nenda na maswali yanayotokana na jedwali lako: "Mwezi wa pili uliuliza mara tatu kuhusu bwawa hili, kilifuata nini?" Swali la aina hiyo halipati jibu la mkutano wa hadhara.

Ajira

Ukufunzi msaidizi katika vyuo vya umma kwa kawaida hudai GPA ya 3.8 kati ya 5. Ofisi ya Bunge huajiri kupitia Tume ya Utumishi wa Bunge. Taasisi za utafiti, kama REPOA, na asasi za kiraia huhitaji watu wa miradi ya muda. Kokote utakakoomba, ambatisha jedwali safi, kitabu cha misimbo na ukurasa mmoja unaoeleza kila uamuzi uliofanya, ukiwemo ule wa zahanati isiyo na umeme.