Umeambiwa una MGUS? Fanya hivi
Kwanza tulia, MGUS ni hali ya damu tu, sio kansa. Ni seli flani za plazma (zile zinazotengeneza kingamwili) kwenye uboho zinatoa protini ya aina moja tu, wanaiita protini M, na mara nyingi inaonekana ukiwa umeenda kupima kitu kingine kabisa. Kwenye majibu ya elektroforesisi (kipimo kinachotenganisha protini za damu) utaona mchoro una kilele kimoja chembamba kimechomoka pale sehemu ya gama.

Ili iitwe MGUS protini M iwe chini ya gramu 30 kwa lita, seli za plazma kwenye uboho chini ya 10%, na kalsiamu, figo, wingi wa damu na mifupa viwe havijaharibiwa nayo. Ikiwa protini M ni ya IgG (aina moja ya kingamwili), iko chini ya gramu 15, na fri laiti cheni (vipande vya kingamwili vinavyoelea kwenye damu) ziko sawa, mara nyingi hata uboho hawakuchomi (afadhali, ile sindano mh!).

Dawa hakuna, ukiuziwa ya kusafisha damu kataa. Rudia vipimo baada ya miezi 6 kisha kama daktari atakavyopanga, maana kama 1% kwa mwaka ndo inageuka mayeloma (kansa ya seli za plazma) au ndugu zake. Ila mgongo ukiuma bila kuisha, ganzi miguuni, mkojo wa povu, kilo zinapungua tu, usisubiri tarehe, nenda.