Ukikutana na "fast", usikimbilie kuandika "haraka"

Kazi yangu ni kusahihisha tafsiri za vijana, na kaneno haka huwaangusha kuliko maneno marefu. Kwanza tazama limeandamana na nini. Likiwa na run au car, ni mbio, kasi. Likiwa na hold, stuck au asleep, achana na mbio kabisa: hold fast ni shikilia usiachie, fast asleep ni kulala fofofo. Lebo ya kitambaa ikisema fast colour, rangi haichuji hata ukikifua kila siku.

Chimbuko lake ni fæst ya Kiingereza cha kale, yaani imara, thabiti. Wajerumani wanayo fest mpaka leo. Kasi ilikuja baadaye: anayekimbia kwa kukaza, bila kulegeza, ndiye mwenye mbio. Hata fast ya kufunga, yaani kutokula, imetoka humo humo: kushika amri barabara. Ndiyo maana breakfast ni kufungua mfungo, na sisi tuna kifungua kinywa!

Saa je? My watch is five minutes fast: saa yangu imetangulia dakika tano. "Saa yangu ni haraka" naifuta kwa wino mwekundu.