Kalamu za wino za zamani: jinsi ya kuzitafuta, kuzikagua na kuzifufua hapa Lamu

Mwezi uliopita jirani yangu wa Mkomani aliniita nimsaidie kupekua kasha la marehemu babu yake, aliyekuwa karani. Chini ya risiti zilizoliwa na mende mlikuwa na kalamu nyeusi yenye kifuniko cha rangi ya fedha na kishikio cha umbo la mshale. Niliisogeza dirishani nikaifuta kwa ncha ya shuka: Parker 51. Ilikuwa imeshatengwa pamoja na takataka. Somo hili nawaandikia wanachama wapya wa chama chetu cha wapenda kalamu ili kalamu nyingine isifike huko.

Ninaposema kalamu ya wino, sisemi biro, wala ule mwanzi wa kuchovya ambao wanazuoni wetu walinakilia vitabu. Ni ile inayobeba wino tumboni na kuushusha kidogo kidogo hadi kwenye nibu, ule ulimi wa madini unaoandika. Lewis Edson Waterman alipata hataza ya kalamu yake Marekani mwaka 1884, na tangu hapo hadi biro ilipotawala, makarani, walimu na makadhi waliandikia kalamu za namna hiyo.

Hatua ya kwanza: chagua moja ujifunzie

Usiokote kila kitu. Anza na Parker 51, iliyoingia sokoni mwaka 1941. Mwili wake ni wa plastiki ngumu ya akriliki, na nibu imefichwa ndani, imetokeza ncha tu, kwa hiyo wino haukauki upesi. Kwa pepo zetu hiyo ni faida kubwa. Za mwanzo hujazwa kwa kubonyeza kitufe mkiani. Hizo zina kiwambo cha mpira kinachozeeka na zinahitaji kifaa maalumu kuzifungua. Za kuanzia 1948 zina kifuko ndani ya bomba la chuma, unakibinya kwa kidole. Tafuta hizi za pili. Nimezikuta zimelala miaka na miaka, na zilipooshwa zikavuta wino kana kwamba ziliwekwa jana.

Sheaffer Snorkel ya 1952 ni ya ajabu: ukizungusha mkia, bomba jembamba hutoka chini ya nibu likanywa wino bila nibu kulowa. Lakini ina mipira mingi ya kuzuia uvujaji. Iache mpaka mkono wako uzoee.

Hatua ya pili: tafuta kwa adabu

Hapa kalamu hizi hazimo madukani. Zimo makashani, kwenye zidaka, kwenye mitoto ya meza za waliokuwa maofisini. Nenda na salamu, unywe kahawa, usikilize habari za mwenye kalamu. Mkubwa wa nyumba akikuambia haiuzwi, usirudi kesho na bei kubwa zaidi. Omba uisafishe tu na uirudishe. Nimesafisha nyingi kuliko ninazomiliki, na moyo wangu uko radhi.

Hatua ya tatu: kagua juani

Kaa barazani asubuhi, uazime lenzi ya sonara. Tazama ncha ya nibu: kila upande wa mpasuko uwe na punje ndogo inayong'aa, na punje hizo zilingane. Ni madini magumu yaliyochomelewa pale; zikiisha, nibu inakwaruza karatasi. Kisha pitisha ukucha kwenye mdomo wa kifuniko, uzunguke wote. Ufa utausikia kabla hujauona. Nibu iliyochorwa 14K au 585 ni ya dhahabu na haishiki kutu. Ya chuma kitupu huliwa na hewa ya chumvi.

Halafu ijue asili ya mwili wake, kwa sababu ndiyo itakayokuongoza katika kuosha. Isugue kwa dole gumba mpaka ipate joto, uinuse. Ebonaiti, yaani mpira uliogumishwa, inanuka kama kiberiti. Seluloidi, plastiki ya zamani, ina harufu ya kafuri, na hiyo hakuna Mswahili asiyeijua.

Hatua ya nne: kuosha na kufufua

Maji ya moto, kamwe. Kalamu yangu ya kwanza ilikuwa ya ebonaiti nyeusi tii, nikaimwagia maji ya birika ili wino uachie haraka. Ilitoka na rangi ya tope la mikoko, na mpaka leo haijarudi. Inaniuma kila nikiishika.

Tumia maji baridi, na yasiwe ya kisima cha chumvi. Mimi hukinga ya mvua. Tumbukiza sehemu ya nibu peke yake, maji yafike shingoni tu, uiache usiku kucha. Asubuhi utaona uzi wa buluu umeshuka hadi chini ya glasi kama moshi wa udi uliogeuzwa. Badilisha maji, rudia. Nyingine huchukua siku nne.

Kalamu zenye kijiti cha chuma ubavuni, cha kunyanyua kwa ukucha, zina kifuko cha mpira ambacho aghalabu kimeshakauka. Itikise sikioni, ukisikia vipande vinachezacheza, kimekwisha. Usinyanyue kijiti kwa nguvu. Pasha shingo kwa drai ya nywele, joto la vuguvugu, kisha zungusha polepole huku ukivuta. Usisogeze moto wala mshumaa: seluloidi huwaka kama petroli. Kwangua mabaki, kata kifuko kipya kwa kipimo, ukigandishe kwa sheleki, ile ile ya maseremala. Gundi kali ya dukani usiitie. Sheleki huachia ikipata joto, na atakayeirithi kalamu baada yako ataweza kuifungua.

Hatua ya tano: iandikie

Jaza wino wa kalamu za wino, kama Quink, ambayo Parker waliitoa mwaka 1931. Andika walau mara moja kwa wiki. Kalamu inayotumika haigandi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi naandika khati. Naweza kutia wino wangu wa khati ndani ya kalamu hizi?*

Marahaba mwanangu. Usitie. Wino ule ni masizi na gundi, ukikauka ndani unaziba njia zote, na maji hayauyeyushi kwa urahisi. Uachie mwanzi wako.

*Mwalimu, sonara ameniambia aiyeyushe nibu ya dhahabu. Nikubali?*

Hapana, dada yangu. Nibu moja mara nyingi haifiki gramu nzima, na si dhahabu safi. Utapata kitu kidogo na kalamu itakuwa imekufa. Kama una shida ya pesa, iuze ikiwa nzima kwa mtu atakayeiandikia.

*Kusi kikianza kila kitu ndani kinakuwa na unyevu. Nizihifadhi vipi?*

Ziweke ndani ya kopo linaloshika vizuri, pamoja na vile vipakiti vya punje za kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, nibu zikitazama juu. Za seluloidi zitenge na nyingine, zipate hewa. Mvuke wake huharibu vyuma na plastiki za jirani. Kidaka kinapendeza kwa kuonyesha, ila mwanga wa mchana hufifisha ebonaiti.

*Kalamu niliyonunua ina jina la mtu limechorwa ubavuni, limefutika nusu. Nilisugue litoke ili ing'ae?*

Bwana, naomba usilisugue hata kidogo. Chukua chaki nyeupe, ipitishe juu ya maandishi, kisha futa kwa kidole kikavu. Unga utabaki ndani ya mikwaruzo na jina litasomeka. Ukilisoma, waulize wazee wa mtaa ulikoinunua. Mimi nilifanya hivyo mara moja Langoni, nikaonyeshwa nyumba ya mjukuu wake. Alitoa barua tatu zilizoandikwa kwa kalamu ile ile, na mkato wa nibu ulionekana wazi kwenye kila alifu.