Rododendroni nyumbani: usiipande kama mgomba

Wadau habari zenu, watu wengi wananiuliza yale maua ya zambarau pale mbele ya nyumba ni nini, ngoja niweke somo. Ni rododendroni, kichaka cha maua, huku Washington (jimbo, sio DC) wenyeji wanakatisha wanasema rodi, na ndo ua la jimbo, akina mama walilichagua 1892 wakati hata kura za kawaida hawajaruhusiwa kupiga.

Ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilichimba shimo refu kama la mgomba, nikajaza samadi, nikafukia mpaka kwenye shina na majivu nikamwagia, mwaka haukuisha ikanyauka. Kuichomoa, mizizi bado ina umbo la ndoo ya kitaluni, imeoza inanuka.

Sasa fanya hivi. Tafuta sehemu yenye jua la asubuhi na kivuli mchana, mbali na zege maana saruji inatoa chokaa na hii kitu na chokaa hawaelewani. Udongo uwe na uchachu, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) 4.5 mpaka 6.

Shimo ndo penyewe. Mizizi yake myembamba kama nywele na inatambaa juujuu, kwa hiyo shimo liwe pana mara mbili tatu ya bonge la mizizi (mizizi na udongo wake ulivyotoka kwenye ndoo) ila kina kisizidi bonge lenyewe, yaani ukishaweka libaki limechomoza juu ya ardhi sentimita 3 hadi 5, utaona kama limekaa vibaya, liache hivyohivyo. Mizizi iliyojizungusha ichambue kwa vidole kwanza. Kama ni udongo wa mfinyanzi panda kwenye tuta.

Juu tandaza magome ya msonobari, yasiguse shina. Jembe usipeleke hapo, palilia kwa mkono. Panda Septemba au Oktoba, halafu Julai na Agosti mvua ikikata mwagilia.

Maua yakinyauka vunja kichwa cha ua taratibu, chini yake kuna vitumba vipya. Matawi kata muda huohuo, ukisubiri vuli umekata maua ya mwakani.

Swali: Mkuu yangu majani njano ila mishipa kijani, nimwage mbolea?
Jibu: Pima udongo kwanza. Mara nyingi ni madini ya chuma hayapatikani, uchachu umepungua. Umepanda karibu na zege?
– Ndio, pembeni ya njia ya gari.
– Ihamishe Oktoba, mizizi iko juu haisumbui.

Swali: Baridi ikikaza majani yanajikunja kama sigara, inakufa?
Jibu: Inajikinga tu, joto likirudi yanakunjuka.

Swali: Matawi niwape mbuzi?
Jibu: Weee usithubutu, ni sumu kwa mbuzi, mbwa, hata mtoto. Funga kwenye mfuko siku hiyohiyo.

Swali: Na sisi wa Dar?
Jibu: Dada hilo joto sahau. Ungekuwa na shamba kule juu kwenye baridi, udongo wa chai, ningekwambia anza na azalea, ni ndugu yake.