Mti wa jirani umeziba jua la bustani: jinsi ya kuomba usuluhishi Tabora

Mjohoro wa jirani hauchukui miaka mingi kupita paa, na ukishapita, wanaoumia ni mchicha na nyanya za upande wa pili wa ua. Kwa mkazi wa Manispaa ya Tabora njia ya kulalamika ipo, na haianzi na panga. Kukata mti wa mtu bila ridhaa yake kunaweza kukugeuza wewe mlalamikiwa, kwa kosa la kuharibu mali.

Anza kwa kupima kivuli. Wengi hufika ofisini wakisema tu "mti unaziba jua", na mazungumzo yanaishia hapo. Chomeka vijiti pale kivuli kinapofika kila saa, asubuhi mpaka jioni, upige picha kwa simu. Nyanya inataka jua la saa sita hivi kwa siku. Matembele huvumilia kidogo. Angalia pia mti umesimama upande gani. Tabora iko kusini mwa Ikweta, hivyo Juni na Julai jua la mchana huegemea kaskazini. Mti wa mita 10 ulio kaskazini mwa bustani hapo hutupa kivuli cha mita 5 na ushee juu ya matuta yako, tena kiangazi, wakati unahangaika na kumwagilia. Desemba kivuli cha mchana humrudia mwenye mti, kwa hiyo vipimo vya mwezi huo havitakusaidia.

Kisha mfuate jirani jioni, pamoja na mzee mmoja anayeheshimika. Omba matawi yapunguzwe, si mti ukatwe. Kuchangia nusu ya ujira wa mkataji, kwa maoni yangu, ni nafuu kuliko kesi yoyote.

Akikataa, mwandikie mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wengi hupitia kwanza kwa balozi wa nyumba kumi. Si sharti, ila ni adabu. Barua iwe fupi:

"YAH: OMBI LA USULUHISHI KUHUSU MATAWI YA MTI. Mjohoro ulio katika kiwanja cha jirani yangu, upande wa kaskazini, unazuia jua kwenye bustani yangu kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Tulizungumza tarehe … hatukuafikiana. Naomba utuite sote na ufike kuuona. Picha nimeambatanisha."

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri.

Mtaa ukishindwa, nenda baraza la kata. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, baraza hilo husuluhisha tu migogoro ya ardhi, halitoi hukumu, na mawakili hawaingii. Likikupa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna ada na tarehe za kuahirishwa. Jiulize kama mchicha unastahili.

Matawi yakigusa nyaya za umeme, acha barua. Toa taarifa TANESCO, na usipande mtini mwenyewe.