Volti hazipandi wakati wa kuhamisha protini? Angalia miliampia kwanza

Jamani watu wa maabara, naandika hii nikiwa Kigoma kwa sababu juzi mwanafunzi wetu wa fildi kaniita mbio, "dada, pawa saplai imekufa". Haijafa. Alikuwa anahamisha protini kwa umeme kutoka kwenye jeli kwenda kwenye membreni, ile karatasi maalumu inayozishika. Aliseti volti 100, kioo kinasoma 71 na hazipandi hata ubonyeze vipi, ila ukiangalia upande wa pili miliampia (kipimo cha mkondo wa umeme) zimeganda kwenye 500, na 500 ndio mwisho wa ile mashine. Yaani imefika kikomo cha mkondo, ikaamua kushusha volti yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujaanza kufungua fyuzi, soma namba zote mbili ugawanye. Miliampia 500 ni ampia 0.5, kwa hiyo 71 gawa kwa 0.5 unapata ukinzani wa omu 142. Tanki letu dogo la kawaida likiwa na bafa nzuri (yale maji ya kemikali yanayopitisha umeme) linavuta kama miliampia 250 kwa volti 100, hiyo ni omu 400. Ukinzani umeshuka sana, maana yake bafa ina chumvi nyingi kupita kiasi. Tukamuuliza umetengenezaje, akasema pH ilisoma juu kidogo akadondosha asidi ya haidrokloriki mpaka ikatulia 8.3. Hapo ndipo alipoharibu! Bafa ya Towbin, ndio hii ya kuhamishia protini, hairekebishwi kwa asidi, ile kloraidi inabeba umeme wote badala ya protini zako. Pima trisi gramu 3.03, glisini gramu 14.4, methanoli mililita 200, jaza maji yaliyochujwa ayoni mpaka lita 1, pH itakaa yenyewe karibu na 8.3, iache. Makosa mengine ya ukoo huo huo ni kusahau kuzimua bafa ya 10x (iliyokolea mara kumi), kuchukua chupa ya PBS (bafa nyingine yenye chumvi nyingi) ukidhani ndio yenyewe, au kuchomeka matanki mawili kwenye mashine moja, hapo mkondo unajijumlisha.

Sasa ikiwa kinyume, volti zimefika 100 vizuri lakini miliampia ni 0 au karibu na hapo, au mashine inagoma inasema hakuna mzigo, basi njia imekatika mahali. Angalia kifuniko kimekaa sawasawa, bafa imefunika waya, plagi hazina kutu. Kisha inama uchungulie ndani ya tanki, kwenye ule waya mwembamba wa platinamu lazima uone vipovu vidogo vidogo vinapanda mfululizo, na upande mweusi (hasi) vinakuwa vingi zaidi. Hakuna vipovu, hakuna kinachohama. Zima, chomoa nyaya ukutani, ndio upime waya kwa multimita kwenye mlio kuanzia plagi mpaka ncha ya platinamu. Tafadhali usiingize kidole kwenye tanki linalowaka, volti 100 ndani ya maji ya chumvi zinaua mtu.

Joto nalo lisemwe, maana mchana wa huku tunaujua. Ukiseti volti zisibadilike, bafa inapopata moto ukinzani unapungua na mkondo unapanda taratibu, umeanza na 250 baada ya dakika 40 uko 400, ndio wati 40 hizo zinachemsha jeli. Sisi tunaweka bafa frijini tangu jana yake, pakiti ya barafu ndani ya tanki, na nje tunazungushia barafu zile za vifuko za mtaani kwenye beseni. Ikishindikana weka volti 30 usiku kucha ndani ya friji, ni polepole lakini salama.

Jioni umeme ukiwa mdogo, taa zinafifia, mashine inaweza kujizima katikati. Weka stabilaiza, na usiamini saa ya ukutani, soma muda kwenye mashine yenyewe kwa sababu nyingine umeme ukirudi hazianzi tena mpaka ubonyeze. Protini iliyokwisha shika membreni haiondoki, we malizia tu dakika zilizobaki.

Ukimaliza, paka Ponsoo, rangi nyekundu inayoonyesha protini, kwenye membreni. Ya juzi tulirudia na bafa mpya, miliampia 240, na mistari ya protini za nyama ya samaki mgebuka ikatoka myekundu safi kuanzia juu mpaka chini, wakati ile ya kwanza leda ya rangi (protini za kulinganishia ukubwa) ilikuwa bado imebaki nusu kwenye jeli.