Namna ya Kutumia Kitenzi "Rationalise" Bila Kujishtaki Mwenyewe

Kijana mmoja wa Likoni aliniletea barua ya kuomba radhi kazini, akitaka niipitie kabla hajaipeleka. Alikuwa amechelewa siku tatu mfululizo kwa sababu ya msongamano wa feri, na barua yake ilianza hivi: "I wish to rationalise my lateness." Alikusudia kueleza yaliyomkuta. Kumbe alichokuwa akimwambia mkuu wake ni kwamba anatafuta namna ya kuyapamba makosa yake.

Chanzo cha kosa ni kukifasiri kitenzi hiki kwa neno "kuhalalisha" na kuishia hapo. "Kuhalalisha" hukaribiana zaidi na "justify", ambacho hakina ubaya ndani yake, kwa kuwa sababu inayotolewa yaweza kuwa ya kweli na ya kutosha. "Rationalise" kina tuhuma: mtu ametenda kwanza kwa tamaa, uvivu au woga, kisha akajitungia sababu ya heshima, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuiamini. Ndiyo maana si sawa na kudanganya, maana mwongo anajua kwamba anadanganya. Ernest Jones, daktari kutoka Wales, ndiye aliyeiingiza maana hii katika saikolojia mwaka 1908.

Wakitafuta mfano wa Kiswahili wa tabia hii, wengi hukimbilia methali ya mbaazi kukosa maua na kusingizia jua, lakini mbaazi humtupia mwingine lawama. Kwa maoni yangu, sungura wa "sizitaki mbichi hizi", aliyeshindwa kuzifikia ndizi akajiambia hazijaiva, ndiye mfano hasa.

Katika sentensi, taja kwanza tendo lenyewe, kisha "as" au "by": "He rationalised the bribe as a gift", yaani aliifanya hongo kuwa zawadi machoni pake. Kitumie kwa wengine ukiwa tayari kuonekana unawahukumu; kwa nafsi yako, kitumie unapokiri kosa tu: "I was rationalising." Shuleni kwetu huandikwa kwa "s", Marekani kwa "z", na Uingereza hukubali zote mbili.

Katika hesabu maana ni nyingine kabisa: kuondoa kipeuo kwenye asili ya sehemu, kama 1/√2 inavyogeuzwa kuwa √2/2. Kampuni nazo hulitumia neno hili zinapopunguza wafanyakazi, na hapo, nadhani, maana ile ya kwanza hairuki mbali.

Barua ya yule kijana niliirudisha nikiwa nimebadilisha neno moja tu, nikaandika "explain".